Hewa Nyeupe Kuliko Mfupa

2 Februari

Mpwa wangu Profesa,

Ukiipata barua hii kaa kwanza, maana habari niliyobeba si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Huku sote wazima. Goti la mama yako limetulia tangu nilipolitibu kwa njia yangu, yaani kumwambia aache kulisemasema. Amenuniana na jirani juu ya mfereji wa bati unaomwaga maji ukutani kwake, lakini ugomvi nimeshaumaliza kwa maneno matatu, nayo hayaandikiki. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema kwenye simu unaongea kama mtu anayefukuzwa. Na kweli. Kila nikikaribia penyewe unaniambia, "Mjomba, fupisha." Habari zangu hazifupishiki, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu.

Sasa sikia. Hospitali hii, ukiniondoa mimi, zinabaki kuta. Ile programu yenu mliyotuletea mwaka jana, ya kuzitoa picha za mashine ya skani na kuzichapisha kwenye filamu, wenzangu waliishika kwa vidole viwili, kama paka aliyelowa. Mimi nimeizoea kama suruali. Niko kwenye chumba changu cha kuchapisha, dirisha moja, feni inayokohoa, printa kubwa kama kabati la nguo, na kila kifua na kila kichwa kinachopigwa picha hapa lazima kipite mkononi mwangu. Daktari wa picha mwenyewe hana kompyuta. Anasubiri filamu yangu aibandike kwenye taa yake ya ukutani. Nani mkubwa hapo?

Jana nimeinyoosha hiyo programu yako. Kulikuwa na kitu kimekaa vibaya humo ndani, aibu tupu, nikakiona, nikakiondoa. Sikulaumu, ulikuwa na haraka. Picha sasa zinawaka, mpwa wangu! Mzee mmoja aliinua yake dirishani akafumba macho. Fundi wa mashine, yule binti mwenye funguo nyingi kiunoni, alinipita mlangoni, nikanyamaza, asije akajisikia vibaya na vyeti vyake.

Mjomba wako,
Mkuu wa Picha

14 Februari

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa habari za nyumbani. Mama ameniambia goti linauma vilevile, ila hakwambii tena, kwa sababu ukianza kulitibu yanauma na masikio. Mimi mzima. Ofisini tuko watu sita na dirisha moja, na mkuu wangu anataka kuionyesha programu yetu kwa hospitali nyingine kumi ifikapo mwezi wa tano. Sehemu ya picha niliiandika peke yangu, kwa hiyo likizo sina, na huko siji karibuni. Mwambie mkaza mjomba asinikasirikie.

Ndiyo maana barua yako imenitoa jasho. Kwanza, Mkuu wa Picha ni cheo kilichotolewa na nani? Ninavyojua mimi, kazi yako ni kubonyeza "Chapisha", kupokea filamu, kuangalia jina, na kuitia kwenye bahasha ya kaki. Ni kazi nzuri. Sijui kwa nini umeionea haya.

Pili, umenyoosha nini? Naomba jibu lisilozidi maneno ishirini: uliingia wapi, ukabadilisha nini. Picha ya skani haitakiwi kuwaka, Mjomba. Si taa ya harusi.

Nimekupigia mara nne. Inaita mpaka inachoka.

Mpwa wako

1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Maneno ishirini! Mimi? Salamu zangu peke yake zinazidi. Simu yangu ina tatizo la kiufundi ambalo nalifanyia utafiti.

Mama yako anaendelea vizuri. Jirani amegeuza mfereji wake, sasa unamwaga kwetu, kwa hiyo haki imetendeka ila upande usio sahihi. Mke wangu ameshona mapazia mapya, sebule inafanana na hoteli niliyowahi kulala nikiwa na wakubwa fulani. Nitakusimulia siku nyingine.

Huku kumetokea mkasa mdogo. Nisingekuandikia, ila mama yako atakusimulia na kuuharibu. Daktari wa picha alitoka chumbani kwake ameinua filamu juu, anapiga kelele korido nzima: "Hii ni nini? Huyu mtu amejazwa saruji kifuani?" Kweli mapafu yalikuwa meupe, na hewa inayomzunguka mgonjwa nyeupe zaidi ya uti wa mgongo wake. Akabandika filamu tano, zote hivyo hivyo. Mashine ikafungwa siku ile ile, wagonjwa wanapelekwa hospitali ya mbali.

Sasa yule Fundi alikuwa ameifungua mashine kuifanyia matengenezo wiki hiyo hiyo. Basi, wamemsimamisha kazi. Kila asubuhi lazima aje getini kusaini daftari, kisha arudi nyumbani. Wakaleta mtaalamu kutoka nje, akaifumua mashine siku mbili, hakuona kosa. Wakubwa wakasema, basi kama kosa halionekani, Fundi amelificha. Kamati itakaa tarehe 20 Aprili. Akikutwa na hatia anafukuzwa, na cheti chake cha ufundi kinafutwa, asishike mashine tena popote. Miaka sita amefanya kazi hapa. Mimi kila asubuhi nikimkuta getini namwambia, "Pole binti yangu, mashine ni mashine." Yeye anajibu kwamba mashine ni nzima. Wabishi hawa waliosoma.

Kuhusu swali lako, sikumbuki vizuri. Nadhani nilifuta vumbi.

Mjomba wako,
Mkuu wa Picha

9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Wasalimie wote. Leo sina habari ya familia zaidi ya wewe.

Vumbi haliigeuzi hewa kuwa nyeupe. Nitakueleza polepole, na ukianza kusinzia nenda ukanawe uso urudi. Picha ya skani ni namba. Kila pikseli, yaani kila kinukta cha picha, ina namba yake. Maji ni sifuri. Mfupa uko juu ya sifuri, mia kadhaa mpaka elfu na zaidi. Hewa iko chini ya sifuri, kwenye elfu moja hasi. Namba ndogo tunaichora nyeusi, kubwa tunaichora nyeupe. Ndiyo maana mapafu ya mtu anayepumua hutoka meusi.

Ndani ya kompyuta kila namba ina nafasi yake finyu, na kipande kimoja cha nafasi hiyo kimetengwa kusema "mimi ni hasi". Ukiiambia programu kwamba namba hasi hazipo, zenyewe haziondoki. Programu inakichukua kile kipande na kukihesabu kama namba ya kawaida, tena kubwa kuliko zote. Elfu moja hasi inageuka elfu sitini na nne, mia tano thelathini na sita. Hewa inaupita mfupa, inaupita hata msumari. Daktari ameona saruji kwa sababu wewe umempa saruji.

Kwenye mipangilio kuna kisanduku kimeandikwa "Pikseli zina namba hasi". Tiki yake iko wapi, Mjomba? Kama umeiondoa, irudishe, halafu nenda kwa mwenyekiti wa kamati umwambie. Ni kazi ya dakika tano. Huyo dada hana kosa lolote, na wewe unamwambia pole getini!

Mimi siwezi kuanza kuwaandikia wakubwa wenu kutoka huku. Si mahali pangu. Halafu mkuu wangu yuko kwenye maandalizi, huu si wakati mzuri wa kumletea maneno.

Nimekupigia mara kumi na moja sasa. Utafiti wa simu unaendeleaje?

Mpwa wako

24 Machi

Mpwa wangu mwenye hasira,

Kwanza nikupe habari njema: binamu yako amepata mtoto wa kiume, mikono mikubwa, sura yangu kabisa. Walitaka kumpa jina langu, nikakataa, mzigo ule ni mzito kwa mtoto mchanga. Mama yako ameanza kwenda ibadani kwa miguu, goti au bila goti.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimevaa miwani ya mke wangu. Nikasema, kweli shule imempeleka mbali huyu mtoto, hata adabu ameipita njiani. Sasa nisikilize mimi.

Mimi niliacha shule darasa la sita, na si kwa kushindwa. Niliacha kwa sababu ya ugomvi wa kitaaluma. Mwalimu wa hesabu alisimama mbele ya watu wazima kama sisi, maana nilikuwa na ndevu tayari, akasema tatu kutoa tano ni mbili hasi. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, "Mwalimu, niletee machungwa mawili hasi hapa mezani niyamenye." Darasa zima likapasuka. Mwalimu akabadilika rangi, akatoka nje, wanaomkumbuka wanasema hakurudi mpaka muhula uliofuata. Nami nikaona hapa nimeshamaliza.

Basi siku moja niko chumbani kwangu, mshale wa kompyuta umekaa kwenye weusi pembeni ya mgonjwa, naona kwa chini pameandikwa: elfu moja hasi. Hospitali nzima! Mashine imesafirishwa kwa meli! Mgonjwa ameacha shughuli zake, halafu tunamwandikia elfu moja chini ya hamna! Niliona aibu kwa niaba yako. Nikasema mtu mwenye akili akiona uchafu hauachi. Sisemi nilibonyeza. Nasema mtu mwenye akili haachi.

Na wewe nikuulize. Friji ya mke wangu ukiacha mlango wazi inalia. Gari la daktari asipofunga mkanda linampigia kelele mpaka anatii. Hiyo programu yako, kama kweli mtu aliigusa mahali pabaya, mbona ilikaa kimya kama mkwe mgeni? Mbona haikuuliza hata, "Mzee, una uhakika?" Hilo hukuliandika, Profesa. Umeniandikia ukurasa mzima wa hesabu ukaliruka hilo kama dimbwi.

Kwa mwenyekiti siendi. Nimebakiza miaka minne nistaafu. Watu hapa wananiheshimu. Na Fundi ni kijana, ana vyeti, atapata kazi mahali pengine.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Namwombea afuate sura yako aishie hapo hapo.

Vyeti vyake ndivyo wanavyotaka kuvifuta. Umeniandikia mwenyewe, tarehe 1 Machi. Lakini umesema huendi, sawa. Kwa heshima ya uzee wako nimekutafutia njia ya kutokea. Nimeiandikia kamati, nakala yake ni hii:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, filamu nyeupe zimetokana na mpangilio wa programu wala si mashine. Tafadhali msihangaike kumtafuta aliyeugusa miongoni mwa wahudumu wa chumba cha kuchapisha. Mhudumu aliyepo ni mzee wa darasa la sita ambaye kazi yake ni kutia filamu kwenye bahasha. Hana uwezo wa kuufikia mpangilio huo, wala kuuelewa, wala kuota kwamba upo. Lazima programu ilijibadilisha yenyewe."

Umefurahi? Umekuwa msafi kabisa. Itasomwa mbele ya wote tarehe 20. Wewe kaa nyuma na bahasha zako.

Kuhusu friji ya mkaza mjomba, nimesikia.

Mpwa wako

22 Aprili

Mpwa wangu,

Huku wazima. Mama yako mzima. Jirani mzima.

Sikulala vizuri tangu nilipoipata ile nakala. "Wala kuota kwamba upo"! Mke wangu alinisomea mara mbili akicheka mpaka akakaa chini. Tarehe 20 nikavaa koti, nikanyoa, nikaenda na majibu yangu tayari kichwani, ya kuipasua barua yako neno kwa neno mbele ya watu.

Ukumbini walikuwa mwenyekiti, ambaye ni mama mmoja wa utawala mwenye miwani ya mnyororo, daktari wa picha, mtaalamu wa nje, karani, na Fundi kwenye kiti cha peke yake, mikono magotini, kiuno kitupu bila funguo. Mwenyekiti akafungua faili. Akasoma taarifa ya daktari. Akasoma ya mtaalamu. Akasoma daftari la geti. Akalifunga.

Nikamnong'oneza karani, "Na barua ya mpwa wangu?"

"Barua gani, Mzee?"

"Ya programu. Iliyonitukana."

Akapekua kote. Hakuna. Haikuwahi kufika, mpwa wangu. Au haikuwahi kutoka.

Mwenyekiti akasema, "Kama hakuna la ziada, kamati inaridhika." Nikajikuta nimesimama. Majibu yangu yote yalikuwa ya kuijibu barua, na barua haipo. Nikasema, "Hewa imekuwa nyeupe kwa sababu yangu mimi."

Unadhani waliniamini? Daktari alicheka. "Mzee wa Bahasha, kaa chini. Hata umeme uliporudi juzi ulisema ni wewe."

"Umeme nilidanganya," nikasema. "Hili ni langu."

"Na ule uzio mpya?"

"Uzio pia nilidanganya. Jamani, nisikilizeni!"

Mwenyekiti akavua miwani. "Mzee, tunajua unamwonea huruma huyu binti. Usijibebeshe."

Sijawahi kukosa kuaminiwa kwa jambo la kweli. Ni kitu kibaya sana. Ilibidi niwaombe, nasema niwaombe, waje wote chumbani kwangu. Tukabanana mle ndani na ile feni. Nikaifungua picha ya zamani, kifua cha mtu mzima wa afya. Nikachapisha vile programu ilivyokuwa: saruji. Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha tiki, nikachapisha tena: mapafu meusi, safi, mbavu moja moja. Daktari akazishika filamu zote mbili dirishani, huku na huku, huku na huku. Hakucheka tena. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nilikuwa na hadithi ya machungwa ulimini kabisa. Nikasema, "Kwa ujinga."

Halafu yule mtaalamu akainama kwenye kompyuta, akachokonoa kidogo, akasema hivi, nami nayaandika kama alivyosema: "Faili la picha lenyewe linasema ndani yake kama lina namba hasi au halina. Programu ilitakiwa ilisikilize faili. Hiki kisanduku kinaiambia ilipuuze. Ni kitu cha kujaribia tu, mwandishi huwa anakiondoa kabla programu haijafika kwa wagonjwa. Huyu alikisahau. Kisha nadhani alikumbuka akaona haya kusema. Nani aliyeandika?"

Sasa mpwa wangu, mwaka mzima nimewaambia nani aliyeandika. Nimemwambia mlinzi, wapishi, wagonjwa walio na homa. Watu wote mle chumbani walinigeukia. Nikaitazama feni. Nikasema kampuni ina watu sita, sijui ni yupi.

Mimi nimetolewa kwenye picha. Nimepelekwa stoo ya mashuka, na barua ya onyo kwenye faili langu. Mashuka nayakunja vizuri.

Fundi amerudi kazini, funguo zake ziko kiunoni. Jana alikuja stoo. Nikasema, "Karibu binti yangu. Pole sana."

"Pole yako niliisikia asubuhi arobaini, Mzee," akasema. "Nilikuwa nazihesabu."

Nikalikunja shuka, nikalikunjua, nikalikunja tena.

Akauliza, "Na huyo mpwa wako anayejua kila kitu? Yeye alijua tangu lini?"

"Sijui," nikasema.

"Siku ukijua, mwambie nataka kuisikia kwake mwenyewe." Akaondoka.

Barua zako ninazo zote. Ya tarehe 9 Machi ina kila kitu, mpaka hiyo elfu sitini na nne na mkia wake. Kamati ilikaa tarehe 20 Aprili. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita naiweza. Barua nimezificha chini ya mashuka ya wodi ya watoto, hakuna afikaye huko ila mimi, na sijamwonyesha mtu, wala mama yako.

Basi la kutoka huko linafika hapa alfajiri. Fundi huingia getini saa moja na nusu.

Mjomba wako